Mke wa Ukurasa wa Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Nimepalilia migomba mpaka saa sita. Jua la Mitunguu halina huruma. Mume wangu Mutuma hajapiga simu tangu aondoke na begi moja, eti anakwenda kutafuta maana ya maisha. Mwalimu mzima, ana mke, ana mtoto, Kendi, shule ya bweni. Alinisomea kipande cha ile riwaya anayoisoma kila siku, pale mlangoni. Nilikuwa nimeshika ndoo.

Jumatano, 5 Februari

Mama mkwe amepita. Anasema mwanawe amechoka tu, nimwombee. Wanawake wa kanisa nao, nimwombee. Hakuna aliyesema atakuja kunisaidia kukata ndizi. Leo ilikuwa zamu yetu ya maji ya mradi. Nimefungua koki peke yangu, nimeelekeza maji peke yangu. Mgongo unauma.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeanza kuisoma hiyo riwaya. Nataka kujua kilichomchukua mume wangu. Ya zamani, nene. Mtu anaacha nyumba yake asubuhi, anatembea. Mkewe anatokea ukurasa wa tatu, analia, basi. Hatajwi tena. Ng'ombe alikamuliwa na nani? Mwandishi hana habari. Upuuzi.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimesoma. Yule msafiri amekaa na mchunga mbuzi asiyemjua, wamekula mkate, anajiuliza kama mtu anaweza kuzeeka bila kujua alichokitaka. Nimerudia hapo mara nyingi. Mimi nilitaka nini? Sikumbuki. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya ujinga. Zamu yetu ni saa nane. Nilikaa karibu na koki nikisubiri, kitabu mkononi. Msafiri alikuwa anavuka jangwa. Nilipoinua kichwa, maji yalikuwa kwa jirani. Ndiyo sheria ya mradi: usipofungua, yanapita kwa anayefuata, na hakuna kubembeleza mpaka wiki ijayo. Migomba yenye mikungu imeanza kulegea.

Shemeji Gitonga amesema mbele ya watu kwamba nikiendelea hivi atachukua shamba la kaka yake alime mwenyewe. Kaka yake ndiye aliyeliacha. Hilo hakulisema.

Na kibaya zaidi, sasa namwelewa Mutuma. Nilitaka kumchukia bila kumwelewa. Ingekuwa rahisi.

Jumamosi, 15 Februari

Amerudi. Kumbe alikuwa Kiritiri siku zote hizi, kwa rafiki yake anayeuza makaa. Huko alikuwa analala, anakula vya watu, anafikiri. Hata viatu havikuisha soli.

Amekaa kwenye kiti chake, akauliza kama kuna chai. Nimempa. Nikamuuliza amepata nini huko. Akasema bado anatafakari. Kisha akatazama nje, akataka kujua kwa nini migomba imenyauka.

"Baba Kendi," nikamwambia, "kesho naenda kwetu Kanja. Sijui nitarudi lini."

"Na Jumatano? Nani atafungulia hayo maji?"

Nilidhani atauliza kwa nini.

Jumapili, 16 Februari

Nimefika Kanja. Gitonga amenitumia ujumbe kwamba mwanamke haachi boma hivi. Nimefuta.

Alhamisi, 20 Februari

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Mama hajaniuliza kitu. Nimetembea mpaka mwisho wa shamba la chai na kurudi, mikono mitupu. Sikupata maana yoyote. Ilikuwa kutembea tu, na nilipenda.

Jioni Kendi amepiga kwa simu ya matroni. Nikamwambia baba yuko nyumbani, mimi niko kwa cucu, bibi yake.

"Sasa baba anapikiwa na nani?"

Yuko kidato cha pili. Sikumuuliza amejifunza wapi kuuliza hivyo. Nimemwambia baba yake ni mtu mzima, atapika. Hakuamini, nimesikia kwenye sauti yake. Tukaongea kidogo juu ya hesabu, ambayo inamsumbua, kisha matroni akataka simu yake.