Chapo Anaijua Nyumba Hii

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefua. Nimepiga pasi. Nimeosha bakuli la mbwa wetu, Chapo, na kulitia kwenye mfuko wake. Kioko anasema nisibebe vitu vingi, ni siku mbili tu.

Kioko hapendi shamba. Amelelewa Machakos akichunga mbuzi, na tangu tuhamie Johannesburg, watu wa kanisani wakizungumzia kukodi nyumba za mashambani wikendi yeye hucheka. "Nilipe nikaone mawe?" Hayo ndiyo maneno yake, miaka yote. Juzi karudi kutoka kazini, kaniambia amekodi nyumba ndogo upande wa Magaliesberg, Ijumaa hadi Jumapili. Hakuniuliza. Ameshalipia. Eti mbwa anaruhusiwa, kana kwamba hilo ndilo nililotaka kujua.

Nilimweleza Mercy leo mchana. Tunasali pamoja na tunafanya kazi benki moja pale Sandton, ghorofa tofauti. Halafu akasema, "Mume akiwa mwema ghafla, dada, fungua macho." Akacheka. Mimi sikucheka.

Labda ni uchovu. Tangu tumzike mama mwezi wa nne silali vizuri, na asiyelala huona mambo. Lakini simu ya Kioko siku hizi hulala kifudifudi mezani. Hilo sikuliota.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumefika. Naandika jikoni. Yeye yuko nje anahangaika na makaa, anataka kuchoma nyama kama wenyeji.

Tukaacha lami. Hapo Chapo akaamka. Kwa kawaida akiingia garini ni kulala tu, kichwa juu ya begi langu, robot ya kwanza, taa za barabarani za huku, hata hatujaipita. Leo alisimama, pua kwenye kioo, akaanza kulia. Si kubweka. Kulia, kwa sauti nyembamba ambayo sijaisikia tangu tumpate. Kioko akasema ni mawe yanagonga chini ya gari.

Nilipofungua mlango aliruka nje. Hakunusanusa huku na huku kama mbwa mgeni. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Kuna bomba pale limefichwa na kichaka, linadondokea kwenye sufuria kuukuu. Alikuwa anakunywa. Kisha akaja mlango wa jikoni, ule wa vipande viwili, cha juu na cha chini. Akasukuma cha chini kwa bega, akaingia, akajilaza kando ya jiko la kuni. Akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kazini.

Nilisimama na mfuko mkononi.

"Mbwa hunusa maji, Ndanu," Kioko akasema.

Na mlango pia huunusa? Sikumuuliza.

Chapo alishawahi kuletwa hapa. Naliandika nione likoje kwenye karatasi. Chapo haendeshi gari. Kuna mtu alimleta.

Mwezi wa nne nilikaa Nairobi wiki tatu, mama akiwa hospitali, kisha matanga. Kioko alikuja kuzika tu, akarudi. Siku zilizobaki alikuwa huku peke yake na mbwa. Kuna Jumamosi moja nilimpigia tangu asubuhi, hakushika mpaka jioni. Alisema alikuwa amelala. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na mengine ya kulilia.

Nyumba hii ina chumba kimoja cha kulala. Kitanda kimoja, kikubwa. Nimenusa mito. Sabuni tu. Nikajiona mjinga. Nikainusa tena.

Jumamosi, 6 Septemba. Asubuhi

Baridi kali. Majani ya milimani yamekauka rangi ya simba. Pazuri, lazima nikiri. Nimekasirika kwamba ni pazuri.

Mtunzaji wa hapa alikuja na kuni. Mkongomani wa Bukavu, mtu wa makamo, jina lake Baba Furaha. Nilifurahi kusikia Kiswahili, ingawa chake na changu havikulala kitanda kimoja. Alikuwa ananisalimia vizuri, "Jambo mama, mulilala?", ndipo Chapo akatoka jikoni.

Kuni zikamwanguka.

Chapo akamrukia, akajigaragaza, akajikojolea kidogo kwa furaha. Huyu ni mbwa ambaye hata wachungaji wetu huwangurumia. Baba Furaha alimshika sikio la kushoto, lile lenye pengo, akalipitisha katikati ya vidole. Kisha akaniangalia, akaangalia mlango wa chumba tulichokuwa tumelala, akaokota kuni upesi.

"Mnajuana?" nikamuuliza.

"Imbwa zote zinanipenda, mama."

Akaondoka bila kuaga.

Nilikwenda chumbani. Kioko alikuwa anavaa viatu. Nikamuuliza kama aliwahi kufika hapa. Akasema, "Mimi? Nije huku kufanya nini?" Akacheka haraka mno. Au mimi ndiye niliyesikia haraka.

Mchana

Nimewaona.

Nilikwenda kutembea hadi kwenye kijito, nikarudi kwa njia ya nyuma. Kioko na Baba Furaha walikuwa nyuma ya kibanda cha kuni. Kioko ameshika kiuno, kichwa chini. Baba Furaha anaongea kwa mikono. Sikusikia neno ila moja la Kioko: "Asijue. Tafadhali, mzee wangu, mpaka tuondoke."

Asijue. Mimi ndiye niliye hapa. Hakuna mwingine wa kutojua.

Nilipojitokeza Kioko aliinama kuokota kuni. Baba Furaha akasema jua ni kali leo. Si kali hata kidogo.

Nimepika ugali kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kioko amekula kidogo, kila saa anamtazama mbwa. Anamtazama kama shahidi.

Nataka kumpigia Mercy. Hakuna mtandao. Labda ndiyo maana amechagua hapa.

Jioni

Nimemuuliza. Sikuzunguka.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Uliyemleta hapa nikiwa namuuguza mama."

Kioko aliweka kikombe chini. Nilimtazama usoni nikingoja uongo ujipange. Aliumia, au aliigiza vizuri. Akaniambia nikae. Sikukaa.

Hii ndiyo hadithi yake. Hajawahi kufika hapa. Chapo ndiye aliyewahi. Si kufika tu, amezaliwa hapa. Alikuwa mbwa wa mume wa mwenye shamba, mzee wa Kizungu aliyefariki miaka miwili iliyopita. Wenyewe walikuwa wakiishi kwenye nyumba hii ndogo kabla ya kujenga kubwa kule ng'ambo ya kilima. Siku ya mazishi magari yalijaa, bakkie kwa bakkie, zile pikapu za wakulima. Lango likaachwa wazi. Jioni mbwa hayupo. Baba Furaha anadhani alirukia nyuma ya gari la mtu. Mjane alimtafuta miezi. Asubuhi hii Baba Furaha alimtambua kwa sikio, maana yeye ndiye aliyemtibu alipong'atwa na nyani.

Kweli Kioko alimtoa Chapo Jeppestown miaka miwili iliyopita, nje ya gereji alipopeleka gari. Fundi alisema mbwa kajileta, hana mwenyewe. Hilo najua. Nilikuwepo alipomshusha garini, mifupa mitupu, nikamwita Chapo kwa sababu alikula chapati zangu zote zilizokuwa mezani.

"Sikutaka ujue kwa sababu nakujua," Kioko akasema. "Ungesema tumrudishe. Na wewe huwezi kupoteza kingine mwaka huu."

"Na hii safari?"

"Nilitaka ulale, Ndanu. Mwenzangu kazini alikuja hapa, akasema kuna kimya. Nilitaka ulale tu."

Simu je? Eti huilaza kifudifudi kwa sababu bosi wake hajui Jumapili, humtumia kazi kila saa.

Anataka tuondoke kesho alfajiri kabla mjane hajarudi kutoka kanisani kwake na kupita hapa kutusalimia. Baba Furaha amekubali kunyamaza, shingo upande.

Hadithi imekaa vizuri mno. Kila tundu lina kiraka chake. Mwanamume ana mchana mzima nyuma ya kibanda na shahidi wa kumsaidia kuishona. Nimemwambia nimesikia. Sikusema nimeamini.

Sijaamini.

Jumapili, 7 Septemba

Tumesharudi nyumbani. Naandika kwenye meza ya jikoni, Kensington. Nitaandika yote kisha nifunge.

Niliamka kabla yake. Nikachukua mkanda, nikamfunga Chapo, nikatoka. Nilijiambia hivi: kama kuna mjane kweli, atamjua mbwa. Kama hakuna, nami nitajua.

Sikuhitaji kuuliza njia. Chapo alinivuta. Tulipanda kilima, tukateremka, na nyumba kubwa ikatokea, bati jekundu, kibaraza kirefu mbele. Nilikuwa na furaha mbaya. Nilitaka nimkute mwanamke kijana. Naliandika hivyo hivyo. Nilitaka niwe sahihi.

Alikuwa bibi kizee. Amevaa nguo ya kanisani na viatu vya bustani, anamwagia maua maji. Baba Furaha humwita tannie, kama sisi tunavyosema shangazi. Aliinua kichwa kunisalimia mimi. Kisha akaona kilichokuwa mbele yangu.

Ndoo ikaanguka, maji yakamwingia viatuni. Hakuyahisi.

"Wagter," akamwita mbwa. Si kwa nguvu. Alisema kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani.

Mkanda ulinitoka mkononi. Sijui kama niliuachia au uliniponyoka. Chapo alipanda ngazi, akamnusa viganja, akamlamba, kisha akaenda kibarazani akalala chini ya kiti kimoja kati ya viwili. Kile kingine ndicho chenye mto. Bibi akaketi kwenye chenye mto, akafunika uso.

Kwa hiyo ni kweli. Neno kwa neno.

Nilisimama bustani ya mtu, na kitu cha kwanza nilichohisi ni raha, nitake nisitake. Kioko ni mkweli. Kisha nikaelewa nimelipa nini kuijua raha hiyo.

Bibi aliniuliza tulimpata wapi. Nikamweleza. Akauliza tunamwitaje. Nikasema Chapo, nikamweleza chapati ni nini. Alicheka huku machozi yanamtoka. Akasema marehemu naye alikuwa akimpa mkate wa siagi kwa siri, akidhani mkewe haoni. Akampapasa mbavu. "Mmemtunza," akasema.

Nilikuwa nasubiri aseme nimchukue. Watu wazuri kwenye hadithi husema hivyo. Nilikuwa tayari kukataa kidogo kisha nikubali. Badala yake akanishika mkono, mkono wake una udongo, akasema, "Naomba uniachie."

Hilo tu.

Kioko alifika akihema, shati halijafungwa vifungo. Alitutazama sote watatu, akaelewa. Nilijua ana maneno. Angeweza kusema tumekaa naye miaka miwili, chanjo, daktari, kila kitu. Alivua kofia akampa bibi pole ya mumewe, kama inavyostahili, kwa Kiingereza chake cha pole pole. Kisha akachuchumaa mbele ya Chapo. Akamshika uso kwa mikono miwili. Sijui alimwambia nini. Kilikuwa Kikamba, na alikisema ndani ya sikio.

Tulipoondoka Chapo alisimama. Akashuka ngazi moja. Mkia ukatikisika. Akatutazama, akamtazama bibi, akabaki hapo kwenye ngazi, si juu si chini. Nikaacha kugeuka.

Baba Furaha alitufungulia lango. Aliniambia, "Mama, ulifanya muzuri." Hajui nilichokwenda kufanya kule.

Garini hakuna aliyewasha redio. Tuliporudi kwenye lami Kioko akasema, bila hasira, macho barabarani: "Ungeniamini jana, sasa hivi angekuwa hapo nyuma."

Kweli. Na angekuwa wa wizi. Najua hilo pia. Lakini sikumrudisha kwa sababu ya haki. Nilimrudisha nikimchunguza mume wangu. Bibi kapata mbwa wake, na Baba Furaha ananiona mwema, na Kioko anajua ukweli. Yeye peke yake.

Nilimwomba msamaha karibu na Krugersdorp. Aliitikia kwa kichwa. Kukubali kusikia, si zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Kazini. Mercy alikuja mezani kwangu, macho yanawaka, "Haya, umegundua nini?" Nikasema tulipumzika vizuri. Akasubiri. Nikafungua kompyuta.

Nyumbani nilikuta Kioko ameshafagia manyoya kwenye kapeti. Nilitaka kumwambia asingefagia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelala usiku kucha. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Niliamka nikaona aibu kuwa nimelala.

Kioko huongea sasa. Chumvi. Umeme. Nani atapita dukani. Jana aliacha simu yake mezani, uso juu, akaenda kuoga. Ikalia. Sikuitazama. Aliporudi aliona kwamba sikuitazama, nadhani.

Leo, baada ya chakula cha jioni, jua bado liko kwenye paa za jirani, akasimama akavaa koti. Ni saa ambayo alikuwa akimtembeza Chapo. Akafungua geti akatoka mikono mitupu.

Nilimwona kwa dirisha akipita nyumba ya kona, mbwa wa huko wakimbwekea. Nikavaa viatu bila soksi, nikatoka nyuma yake.

Hakugeuka. Lakini alikuwa akitembea pole pole, nikamfikia kabla ya kupinda.