Aliposema Va, Nikavaa

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Leo nimevaa sufuria! Kichwani, mbele ya wateja!

Mutabazi, mfanyakazi wa mjomba dukani, alikuwa juu ya ngazi. Mimi chini napangusa sufuria. Mara katoni za sahani za bati zikaanza kuteleza. Akapiga kelele: "Va! Va!" Kinyarwanda hicho — ondoka! Lakini mimi mtoto wa Ujiji, Kigali bado mgeni. Nikasikia vaa. Nivae nini? Nilichokuwa nacho mkononi! Katoni ya kwanza ikagonga sufuria, ya pili bega la kushoto. Bega limevimba, sikio linalia ngiii. Mama Donatille, mteja wetu, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka, huku nalia.

Jumanne, 4 Agosti

Mkono nimeufunga kwa kanga. Watu wanachungulia dukani: yule wa sufuria ni yupi? Biashara imechangamka!

Ila mjomba hacheki. Anasema Mutabazi alipanga vibaya, Ijumaa aondoke. Uongo! Nilikuwepo. Mutabazi alimwambia, "Patron, hii iko juu sana, itaanguka." Mjomba akajibu jaza mpaka dari, wateja waone mali. Na mke wa Mutabazi kajifungua juzi tu! Roho inaniuma. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu — lakini mpenzi wa Mungu naye anataka kula, na chakula ni cha mjomba.

Jumatano, 5 Agosti

Sijasema. Pilau imenishinda — mimi! Mke wa mjomba kanishika paji la uso, akadhani nina homa.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimesema! Mjomba kauliza bega linaendeleaje, mdomo ukaniponyoka: samahani mjomba, Mutabazi alikukataza, ni wewe uliyesema ajaze. Mutabazi akafagia pale pale alipokwisha kufagia. Mjomba akavua miwani, akaifuta, akatazama dari. Hakufoka — ajabu!

Sasa amekunja mikono ya kanzu na kupanda ngazi mwenyewe, na tumbo lote lile! Anashusha katoni za juu. Anayemshikia ngazi ni Mutabazi. Naandika hapa kaunta, mmoja kahema, mwingine kakohoa.

Ngoja — mjomba kasema kitu. "Mutabazi, zile za nyuma tushushe Jumatatu."

Jumatatu! Na Ijumaa je? Mutabazi kanitazama. Nami sithubutu kuuliza —