Uji Uliopoa Nikiomba

Mpendwa mke wangu Damari,

Barua hii haina wa kuipeleka, nalijua hilo. Lakini nimezoea kueleza mambo, na tangu uondoke sina wa kumweleza.

Utakumbuka mwaka ule tulipotumwa Lamu kutoka shamba la misheni huko bara, mimi nikiwa mwalimu wa dini, sisi peke yetu Wakristo katika mtaa mzima. Ukuta mmoja tu ulitutenga na Bi Mwanahawa, naye alikupa makaa ya moto kila asubuhi kupitia juu ya ukuta huo. Siku moja mlipokuwa mkitwanga mpunga, nilimsikia akikuambia, "Damari, mumeo akianza kuomba, hata kuku hulala." Ulicheka mpaka mchi ukakuponyoka. Nilipokuja nimekunja uso, ukaniuliza, "Kwani uongo, Mwalimu?"

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Adhuhuri moja nilikuwa sokoni nikichagua muhogo, na muuza samaki mmoja akanipigia kelele, "Chukua mkubwa, Mwalimu! Dini yenu ni ya kushiba!" Soko zima likacheka. Nilirudi nyumbani nimeungua ndani, na jioni ile nikakutangazia kwamba sisi nasi tutafunga. Tena jua likitua, majirani wakikimbilia tende zao, sisi tutasali kwanza, saa nzima, ndipo tule. Nilikupa na sababu: mwili huomba kwa kelele, roho huomba kwa upole, kwa hiyo roho itangulizwe isije ikasahauliwa. Ulikuwa na siku kumi tu tangu uinuke katika homa. Ulijibu, "Haya, Mwalimu."

Bi Mwanahawa aliona kabla yangu. Siku ya kumi na mbili ya mfungo wetu alisimama mlangoni na bakuli la uji wa mchele uliotiwa tui.

"Mwalimu, mkeo ana ndaa. Hata kwetu mgonjwa hafungi. Kwenu hakuna ruhusa?"

Nilimweleza. Nilianza na manabii, nikaja kwa mitume. Alinisikiliza mpaka mwisho, bakuli mkononi, kisha akaliweka chini. "Haya. Lakini uji haungoji."

Adhana ilipolia, bakuli lilikuwa kati yetu juu ya mkeka. Nikafungua Zaburi. Kwa kuwa hukujua kusoma, nilikufafanulia kila mstari, na nakumbuka macho yako yalikuwa kwangu, hayakuwa kwenye bakuli. Nilipomaliza, nikangoja amina yako. Ulikuwa umeegemea ukuta, kinywa wazi kidogo. Uji ulikuwa umeota utando juu. Nilikulisha kwa kijiko, ukatiririka kidevuni. Hukuamka tena. Siku ya tatu tulikuvusha bahari mpaka Kililana, upande wa bara, tukakuzika huko, maana mjini hatukuwa na makaburi yetu. Bi Mwanahawa alibaki mlangoni kwake, ameziba uso kwa ukaya.

Sasa ni miaka sita. Mchungaji wetu Mzungu aliondolewa vita vilipoanza, na Jumapili twaja watu wawili, pengine mimi tu. Bado naamini kwamba sala hutangulia chakula. Sijaweza kuamini vinginevyo. Ila Bwana wetu alipofunga jangwani alifunga peke yake, hakumfungisha mtu aliyetoka kuugua. Na alipomwinua yule binti aliyekufa, aliagiza apewe chakula. Damari, habari hiyo nilikuwa nayo moyoni. Nimewafundisha watoto mara ngapi!

Neno moja linanila. Ulipojibu, "Haya," ulimjibu Mungu au ulinijibu mimi? Ikiwa ulimjibu Mungu, basi njaa yako ilikuwa sadaka, naye ameipokea. Ikiwa ulimtii mumeo tu, aliyekuwa amechekwa sokoni, basi siku zile zote mimi ndiye niliyeketi mahali pa Mungu, na njaa yako nikaipokea mimi. Nimelipima kila upande. Aliyeweza kunijibu ni wewe, na sikukuuliza.

Ramadhani imeingia tena. Jana, baada ya adhana, Bi Mwanahawa alikuja akijikongoja na fimbo, na bakuli lilelile. "Kula kwanda, Mwalimu, ndipo uombe." Nikamtii. Nilikula uji ungali moto, mpaka mwisho, naye akinitazama. Kisha nikafumba macho, nikatafuta neno la kwanza la sala. Sikulipata. Nilikaa hivyo mpaka mabaki ya uji yakakauka bakulini.

Lala, mke wangu. Sina maelezo mengine.

Mumeo