Msomee Baba Yako

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, ila midomo imepasuka kwa upepo na Baba anasema tukicheka wote pamoja tutavuja damu, kwa hiyo tucheke kwa zamu. Mgongo wako unaendeleaje? Ule mto niliokushonea unaukalia kazini, au umeshamgawia mtu?

Mji wenyewe ni barabara moja. Upande huu kuna hoteli na maduka ya kuuza mawe ya rangi, na upande wa pili kuna nyumba za sisi tunaofanya kazi upande wa kwanza. Barabara inapoishia, mchanga unaanza. Watalii wanapanda ndege kutoka mbali kuja kutazama kitu ambacho mimi nafagia mara tatu kwa siku.

Kazi ya Baba ni bwawa la kuogelea. Kila asubuhi anachota mchanga ulioingia majini, kwa wavu wenye mpini mrefu, kisha anatia dawa. Dawa ni za aina mbili, naye amezikariri kwa vifuniko: bluu kila siku, nyekundu mara moja kwa wiki. Hapa hakuna anayejua kuwa hasomi. Simu yake ilitumbukia bwawani siku ya kwanza, kwa hiyo tutumie barua. Basi huingia Alhamisi na kurudi huko Ijumaa, na kondakta amekubali kuzibeba. Baba amefurahi, anasema sasa na yeye ana karani.

Shule inaishia darasa la saba. Tuko kumi na mmoja.

Tumepewa vyumba viwili. Kimoja Baba amekataza tusiweke kitu, kwa sababu ni cha kwako. Unakuja lini?

Mwanao,
Chiku

24 Januari

Mwanangu Chiku,

Marahaba. Mgongo haujambo, na mto naukalia mwenyewe. Paka midomo mafuta, usiirambe. Mnakula vizuri? Baba yako anakohoa?

Msomee baba yako kuanzia hapa.

Baba Chiku, salamu. Umesema kazi ipo na nyumba ipo, nami sina shaka. Lakini siji. Nimekufuata mara tatu. Ya kwanza kule mgodini, tukarudi na mimba na godoro. Ya pili kwenye kiwanda cha vigae, kikafungwa hata mizigo hatujaifungua. Ya tatu sitaki kuiandika. Kila mara naacha kazi yangu, ndipo yako inakwisha. Mwezi huu wamenifanya msimamizi wa mafundi tisa wa cherehani. Ufunguo wa karakana nakaa nao mimi. Sina hasira na wewe, nimechoka tu kufungasha. Siji, na usiniambie nifikirie tena.

Chiku, ukimaliza la saba utarudi kwangu. Hilo tutaliongea.

Mama yako

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na Baba hakohoi. Natumaini mafundi wako tisa wanakusikiliza.

Nataka kukueleza jambo kwa mpangilio mzuri, lakini mpangilio unanishinda. Barua yako ilipofika, Baba aliosha mikono kwanza, kana kwamba yeye ndiye atakayeishika. Nikamsomea salamu. Kisha nikaruka nikamsomea habari ya ufunguo wa karakana, akasema, "Nilijua watampa. Yule angesimamia hata jeshi." Halafu nikarudi kwenye neno siji.

Mama, nilimwangalia usoni, nikasoma, "Nakuja shule zikifungwa."

Sijui lilitoka wapi. Na lilipokwisha kutoka, ilibidi nitunge mpaka mwisho ili maneno yaungane. Mwalimu wetu wa huko alitufundisha kwamba insha lazima iwe na mtiririko. Nikaweka hata kwamba umeuliza kama dirisha la chumba chako linafungwa vizuri.

Sasa Baba anatengeneza dirisha. Akitoka kazini anachanganya saruji na kupiga lipu chumba chako, na anaimba. Sijamsikia akiimba tangu kile kiwanda.

Najua nimekosa. Lakini kama utakuja kweli, itakuwa sikudanganya. Itakuwa nimewahi tu.

Mwanao,
Chiku

20 Februari

Chiku,

Salamu leo nazifupisha. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye ngazi za karakana, mpaka mafundi wakaniuliza nani amefariki.

Umenitia mdomoni maneno ambayo sikuyasema. Hebu nikuambie kitu. Baba yako alipokuja kunichumbia aliniambia ukweli siku hiyohiyo, kwamba hasomi, na akaniuliza kama nitamsomea. Nikasema nitakusomea kila kitu, hata kibaya. Miaka kumi na minne nimemsomea barua za kufukuzwa kazi, majibu ya daktari, hata karatasi ya yule jirani aliyemtukana. Sikupunguza hata nukta. Ndiyo maana akikaa mbele ya msomaji anafungua masikio yote mawili. Sasa anakufungulia wewe.

Mwambie. Mimi sitaandika tena mpaka nijue umemwambia.

Mama yako

16 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wiki tatu hakuna barua, na najua sababu. Sijamwambia. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa juu ya ngazi. Mara ya pili nilisema, "Baba, kuhusu Mama," akanikatiza, "Najua, hapendi rangi ya kijani," akaenda kubadilisha kopo la rangi kwa fundi wa hoteli.

Kuna jambo jingine. Wauza dawa walibadilisha vifuniko. Sasa nyekundu ndiyo ya kila siku. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa, lakini Baba alimwaga kama alivyozoea. Kufikia saa nne wageni wote macho yao yalikuwa mekundu, na mama mmoja alikuwa analia huku anacheka kwa sababu hajui kama analia kweli. Meneja akamwuliza Baba, "Mzee, hukusoma?" Baba akasema amesahau miwani. Mama, Baba hana miwani. Wamempa barua ya onyo, nami ndiye niliyemsomea. Hiyo niliisoma yote, sikupunguza. Siku hizi napita hotelini kabla ya shule na kuchora samaki kwa mkaa kwenye chupa ya kila siku.

Shule zinafungwa kesho. Kila Alhamisi Baba anavaa shati lililopigwa pasi anakwenda kituoni, eti huenda ukawahi. Abiria wakiisha kushuka, anapanda ndani kuangalia viti vya nyuma.

Nakuomba, njoo hata siku moja. Ukae hata saa moja kwenye kile chumba, halafu uondoke. Mimi siwezi tena.

Mwanao,
Chiku

23 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Nimemwambia.

Leo basi lilipoingia, kondakta alimtania, "Mzee wa shati, na leo tena hayumo? Labda mkeo amekupiga chenga." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kisha akasema, "Mke wangu akisema anakuja, anakuja. Tangu nimjue hajaniambia uongo." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya leo.

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Nikatoa barua yako ya Januari, nikamsomea yote, kila neno mahali pake. Nilipomaliza, akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Nionyeshe hapo aliposema haji." Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya neno, na kidole kikalifunika lote.

"Ndilo hili tu?" akauliza.

"Ndilo hilo, Baba."

"Dogo hivi."

Hakunigombeza. Alikwenda akaosha ndoo ya saruji, akaisugua mpaka ikang'aa, na ndoo yenyewe ni ya kazi. Mama, bora angenichapa. Sasa umejua kuwa nimemwambia, basi andika.

Chiku

30 Machi

Mama Chiku,

Anayeandika ni mtoto, anayesema ni mimi, baba yake. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, hata nikikosea.

Salamu. Mimi mzima, ila kifua kidogo kwa ajili ya saruji. Mgongo wako?

Nimesomewa. Yote uliyosema ni kweli. Ile safari ya tatu hata mimi sitaki iandikwe.

Chumba kimekwisha. Dirisha linafungwa kwa kidole kimoja. Sikuambii ili uje. Nakuambia kwa sababu limetoka vizuri na hapa sina wa kumwambia.

Mtoto amedanganya, lakini usimpige. Mimi nikisomewa humtazama msomaji usoni, na yeye hajawa mgumu kama wewe. Miaka kumi na mitatu ni michache kumweka mtu katikati yangu na karatasi. Nimefikiri wiki nzima nikiwa na ule wavu mkononi. Anarudi kwako. Wiki ijayo, basi la Ijumaa. Atamalizia la saba kwenye shule yake ya zamani.

(Hapa nimeacha kuandika. Baba amesema, "Andika." Nimesema mkono unauma. Amesema, "Badilisha mkono.")

Habari ya chupa, nitamwomba mpishi wa hoteli anisomee. Nitasema macho yamekuwa mabovu, na siku si nyingi itakuwa kweli.

Usiniandikie. Hakutakuwa na wa kunisomea, na sitaki mpishi ayatamke maneno yako kwa mdomo wake. Ukitaka kujua kama nipo, mwulize kondakta.

Umpokee mtoto kituoni. Huwa anashuka bila kuangalia.

Ni mimi,
Baba Chiku

Mama, Baba ameniambia nimsomee barua hii kabla ya kuifunga. Nimemsomea mpaka kwenye jina lake, naye amesema ni sawa, amekwenda kupanga nguo zangu. Mistari hii nimeiandika baadaye, na sitamsomea.

Leo pia basi halikuleta barua yako. Nimechora samaki kwenye chupa zote zilizoko stoo, na zinatosha mwezi mmoja. Baada ya hapo sijui.

Ijumaa ijayo nitapanda kama alivyosema, sitamkatalia. Lakini basi litakalonichukua Ijumaa ndilo litakaloingia hapa Alhamisi. Baba amesema haendi tena kituoni. Mimi nitakwenda. Nitasimama karibu na mlango wa mbele, na watu wakiisha kushuka nitapanda kuangalia viti vya nyuma.

Mwanao,
Chiku