Nyuma ya Barakoa

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni huku kazini, nina aibu ya kufa mtu.

Unajua tangu shule inilete hapa kujifunza kazi hakuna aliyenisemesha zaidi ya "usiguse hapo".

Sasa leo wameniingiza kwenye kile chumba wanachoundia setilaiti. Vumbi haliruhusiwi hata chembe, kwa hiyo wote tunavaa ovaroli nyeupe, kofia na barakoa. Yanabaki macho tu.

Fundi mmoja akaja kusimama kando yangu, akaanza kunipigia stori! Mara mwanawe ameota jino, mara bosi wao anavyokoroma kwenye vikao. Nilicheka mpaka machozi. Akanigonga bega: "Leo umeamka vizuri, dada yangu!"

Dada yangu! Mimi!

Nilijua kabisa kanifananisha na mfanyakazi mwenzake. Nilijua, na nikanyamaza makusudi, naitikia kwa kichwa tu.

Tulipotoka nikavua barakoa. Akanikodolea macho. "Kumbe ni wewe, mwanafunzi?" Basi. Akageuka, akaenda zake.

Usinicheke. Kesho nitaomba wanirudishe mle ndani.

Barakoa nitaivaa tangu getini.