Javan, Habu Yako Bado Inaitika

Mwaka umetimia sasa, Javan, tangu uiegemeze baiskeli yako kwenye ukuta wa jikoni hapa Suna, ukaingia ndani kulala na homa, usitoke tena kwa miguu yako. Pengo ulilotuachia kila mtu analijua. Tunakuandikia kukuambia mengine.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Mjane akileta baiskeli iliyokatika cheni, ulimtengenezea yeye kwanza, wenye haraka zao wakanuna. Na hukumrudishia mtu baiskeli kabla ya kuipindua magurudumu juu, kuizungusha pedali kwa mkono na kumwambia, "Sikia." Hata asiyejua kitu alitega sikio.

Lakini kipenzi chako kilikuwa lile dude kuukuu ulilolipata kwa mzungu wa mgodini Macalder alipokuwa akifunga mizigo yake. Halikuwa na waya wala breki za mkono. Mambo yote yalikuwa ndani ya habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu: ukirudisha pedali kidogo, gia inabadilika, nyepesi ya mlima au nzito ya tambarare, ukiikandamiza kinyumenyume, baiskeli inasimama. Kila Ijumaa, kabla jua la kuingia Sabato halijazama, ulifungua habu hiyo na kuvipanga vyuma kwenye ungo wa mkeo Filister, kimoja baada ya kingine kama vilivyotoka. Naye alikaa kando akimenya njugu na kulalamika kwamba unga utanuka grisi. Alilalamika, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye ungo.

Ulipoondoka, ndugu yako Maurice alitaka kukuenzi. Grisi hakuipata, basi akaijaza habu mafuta ya kamongo, yule samaki mnono wa ziwani. Usicheke. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Mafuta yakaganda, gia ikakataa, breki ikalegea.

"Nyar Karachuonyo, hii kitu imekufa pamoja na mwenyewe," alimwambia Filister, akimwita binti wa Karachuonyo alikozaliwa. "Wacha nitoe hiyo habu, niweke friwili ya kawaida, nibebee samaki."

"Shemeji, Javan nimeshamzika," Filister akajibu. "Hii sitaizika. Nipe mpaka siku ya kumbukumbu. Kama haijaitika, chukua."

Mama yako, Phelesia, aliguna kwamba mwanamke hafungui vyuma. Filister alichukua ungo.

Mara ya kwanza gurudumu liligoma kabisa. Mara ya pili lilizunguka vizuri hata akatabasamu. Akateremka njia ya mtoni, akakanyaga breki, na breki haikuwepo. Ua wa minyaa wa jirani ndio uliompokea. Alirudi amechubuka, analia kwa hasira wala si kwa maumivu. Mama yako akamwosha vidonda. Kisha, Javan, laiti ungemwona: akaketi chini na kumshikia ungo.

"Nyathina, mwanangu, fungua tena," alimwambia.

Akafungua tena. Akaosha kila chuma kwa mafuta ya taa mpaka harufu ya samaki ikaisha. Ndipo akakumbuka mkono wako ulivyokuwa ukienda: grisi uliipaka gololi peke yake, na vile vikucha vidogo vinavyoshika gia uliviwekea tone tu la mafuta ya cherehani, maana vikishikwa na kitu kizito vinalala. Kilichotoka mwisho akakiingiza kwanza. Alikuwa na hofu, na bado akakaza nati.

Jumapili, siku ya kumbukumbu, aliipanda kutoka Suna hadi kaburini kwako, karibu na Macalder. Sisi wengine tulitangulia. Maurice alimfuata kwa baiskeli yake, eti asije akakwama peke yake njiani. Tunajua alitaka kuona. Wazee wa kando ya barabara walisimama kumtazama mama mwenye nguo nyeusi akiupanda mlima bila kushuka. Kwenye mteremko wa mto akakandamiza pedali kinyumenyume, nayo breki ikamshika. Maurice ndiye aliyetusimulia, na hakuficha kwamba yeye kwenye mlima ule alishuka akaikokota yake.

Kaburini aliipindua baiskeli magurudumu juu, akaizungusha pedali kwa mkono, akairudisha nyuma kidogo. Tak.

"Sikia, Javan," alisema.

Tulisikia sote. Maurice akavua kofia. "Shemeji, habu ikae," alisema. "Lakini Ijumaa nitakuja, unifundishe."

Unakumbukwa na mkeo Filister, mama yako Phelesia, binti yako Roseline, ndugu yako Maurice, na wote uliowatengenezea safari zao kuanzia Suna hadi Kendu Bay.

Hutasahaulika kwetu, Javan. Ijumaa, jua likianza kushuka, ungo utakuwa tayari.