Tulivyonawa Hewa

Kaka yangu, shikamoo.

Mama hajambo. Ameng'olewa jino na sasa anagombana na kila mtu. Anawatambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayegawa misaada ya serikali ya huko ughaibuni.

Lile fungu la msaada wa zahanati yetu limefika. Limeishia kwa wataalamu wenu wawili, nauli yao, hoteli yao na mabango. Wametufundisha sisi wakunga kunawa mikono! Nikawaambia, "Bomba la zahanati limekauka tangu pampu ife." Wakajibu, "Pampu haimo kwenye mradi. Igizeni tu." Tukaigiza, Kaka. Watu wazima tunasugua hewa huku wanatupiga picha. Eti tumejengewa uwezo.

Wiki hiyohiyo binti wa shangazi, mtani wako, alijifungua mikononi mwangu. Nilikuwa na kikombe kimoja cha maji. Mtoto mzima, yuko kwa Mama. Binti mwenyewe alipata maambukizi, tumemzika.

Usinieleze habari za taratibu. Taratibu hizo unaziandika wewe!

Ukija kuhani, usituletee mtaalamu. Njoo na pampu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenijengea uwezo.